Mwaka Huu Mwiko Ni Wako

(Hotuba ya mfanyakazi wa jamii kwa vikundi vya kujisaidia, katika mkutano wa matayarisho ya Krismasi)



Leo sikuja na habari za mikopo wala mbuzi wa maziwa. Nataka tuzungumze juu ya chakula cha Krismasi, hasa na yule ambaye mwaka huu ni mara yake ya kwanza kukaribisha jamaa wote nyumbani kwake. Msicheke. Nimeona vitabu vya hesabu vya vikundi vingi vikiharibika mwezi wa Januari. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Si unajua tulikuwa na wageni."

Mimi mwenyewe nilianguka hapo. Miaka yote jamaa za mume wangu walikula Krismasi kwa mama mkwe. Mwaka wa 2017 miguu ilikuwa inamsumbua, akaniita, akasema, "Mwanangu, mwaka huu mwiko ni wako." Nilifurahi, tena niliogopa. Sikutaka mawifi waseme kwamba tangu Krismasi ihamie kwangu, chakula kimepungua.

Nilitarajia watu 25. Walikuja 43, kwa sababu sikumuuliza mtu hata mmoja anakuja na nani. Mchele, mafuta, sukari na soda nilichukua dukani kwa deni. Tulichinja mbuzi wawili, na mmoja wao alikuwa wa kuuzwa tulipe karo. Watu walikula, wakaimba, wakanisifu sana. Januari 2018 shule zikafunguliwa, na binti yetu wa kidato cha pili akakaa nyumbani siku 9. Alikuwa akichota maji na kuosha vyombo, hasemi neno. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko deni la dukani.

Nilipomweleza mama mkwe, alinitazama, akasema, "Kwani ulifikiri nilikuwa nawalisha peke yangu?" Kumbe kila mwaka, mwezi wa Novemba, alikuwa anatuma ujumbe kwa kila nyumba: wewe leta mchele, wewe kuni, wewe sukari. Hata mume wangu alikuwa anatoa pesa za unga, nami sijui! Akaniuliza, "Mbona hukuja kuniuliza?" Sikuwa na jibu. Niliona haya kuuliza, nikadhani kuuliza ni kuonyesha kwamba sina uwezo.

Ndugu zangu, tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa ikiwa mgeni akiondoka mwenyeji anabaki na deni, na mtoto anafukuzwa shule, amepona wapi? Katika Luka 14:28, Bwana wetu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi akahesabu gharama. Basi na sisi tuketi.

Kwanza, hesabu watu. Mwezi mmoja kabla, tuma ujumbe kwa kila nyumba: mnakuja wangapi, na mtalala au mtarudi? Ongeza watu watano wa njiani, kwa maana hao hawakosi.

Pili, kabla ya kununua chochote, toa karo, mbegu na mchango wa kikundi, uweke kando. Kitakachobaki ndicho cha Krismasi. Kama ni kidogo, pika kidogo. Pesa za mzunguko zina mwenyewe, na mweka hazina asikubali kuzitoa kwa ajili ya sherehe.

Tatu, gawanya mzigo. Mwambie kila mmoja jina la kitu na kipimo chake. Ukisema "njoo na chochote" utaletewa mikate kumi na hakuna chumvi. Sufuria kubwa, viti na sahani, azima kwa kikundi au jumuiya ndogo ndogo, na kila kitu kiandikwe.

Nne, pima chakula. Kilo 1 ya mchele hutosha watu wazima 8 hivi. Kilo 1 ya nyama yenye mifupa hutosha 4 au 5, na ukitia viazi hufika mbali zaidi. Kilo 1 ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hivi. Kwa watu 40, basi, ni mchele kilo 5, nyama kilo 10 na unga kilo 4, kila mtu chapati moja. Watoto wadogo wawili wahesabu kama mtu mzima mmoja.

Tano, tunza afya. Mnyama mgonjwa au aliyekufa mwenyewe asiliwe hata kidogo, kwa kuwa kimeta huua. Mwite mkaguzi wa nyama. Weka maji na sabuni karibu na mlango. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, hasa wali na nyama.

Mwisho, usimsahau jirani mjane wala mzee anayeishi peke yake. Sahani yake ihesabiwe tangu mwanzo, asipewe makombo.

Krismasi iliyofuata tulikuwa watu 38. Mbuzi alikuwa mmoja, na maharagwe mengi. Wifi mmoja aliguna kidogo, halafu akaongeza sahani ya pili. Januari binti yetu alirudi shuleni siku ya kwanza.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Krismasi iliyopita, ni nani kati yetu aliyebaki na deni? Lilichukua muda gani kulipwa?
2. Kwa nini tunaona haya kuomba jamaa walete kitu?
3. Kikundi chetu kinaweza kununua vyombo gani vya pamoja kabla ya Desemba?