Nasaba ya Mahindi 611: Kazi ya Mtaalamu wa Mbegu Huko Kitale



Mtu anunuapo mfuko wa mbegu za mahindi dukani, mara nyingi huona juu yake tarakimu badala ya jina: 611, 614, 626. Tarakimu hizo zina nasaba kama watu walivyo na nasaba, na leo napenda kuwaeleza nasaba ya ile 611, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1964, pamoja na kazi ya mtu aliyeitafuta, yaani Bwana Michael Harrison, mtaalamu wa uzazi wa mimea aliyeanza kazi Kitale mwaka 1955.

Lakini kwanza yafaa tuutazame mmea wenyewe. Kila mmea wa mahindi una maua ya namna mbili. La kiume liko juu kileleni, nalo ni mbelewele. La kike liko ubavuni mwa shina, nalo ndilo litakalokuwa gunzi. Zile ndevu laini za gunzi ni njia za kupokelea chavua, ule unga wa mbelewele, na kila uzi mmoja wa ndevu ni wa punje moja. Upepo ukivuma, chavua huchukuliwa huku na huku, hata punje za gunzi moja zaweza kuwa na baba wengi, na mmoja wao pengine yuko katika shamba la jirani. Basi yule mzee aliyechagua magunzi makubwa baada ya mavuno na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko yawe mbegu, alikuwa amemchagua mama tu, baba hakumjua.

Mtaalamu wa mbegu huanza kwa kumjua baba. Gunzi changa huvikwa mfuko kabla ndevu hazijatokeza, na mbelewele huvikwa mfuko wa karatasi. Kisha chavua ya mmea ule ule hunyunyizwa juu ya ndevu zake wenyewe. Huko Marekani, Bwana George Shull alifanya hivyo kizazi baada ya kizazi, na mwaka 1908 akaeleza aliyoyaona. Mimea iliyozaa na nafsi yake ilidhoofika na kufupika, na magunzi yake yakawa ya kutia huruma. Mingine hufa kabisa. Ile ibakiayo, baada ya vizazi vitano au sita, hufanana kama mapacha, na huo ndio uitwao ukoo safi. Lakini koo mbili safi zikikutanishwa, mtoto huinuka na nguvu kuliko wazazi wote wawili, na pengine kuliko mahindi ya kwanza yaliyoanza kazi ile. Mtoto huyo ndiye chotara, au kama wengi wetu tusemavyo, haibridi. Wafugaji hawatashangaa sana, kwa kuwa mwenye ng'ombe mwenye busara hamwachi dume mmoja akae zizini mpaka apande binti zake na wajukuu zake.

Kitale iko juu, karibu futi 6,200 kutoka usawa wa bahari, na mahindi yake hukaa shambani tangu mvua za masika mpaka karibu mwisho wa mwaka. Maana yake ni kwamba mtaalamu hupata kizazi kimoja tu kila mwaka. Akitaka vizazi sita, hana budi kutoa miaka sita ya maisha yake. Mtu asiyejua kazi hii hudhani kwamba mbegu mpya hupatikana kwa kuchanganya dawa chumbani. Kumbe nyingi ya siku zake hupita juani, kati ya mistari ya mimea, mkononi ana penseli na mifuko ya karatasi.

Bwana Harrison alianza na mahindi aliyoyakuta, yale meupe yenye punje bapa yaliyokuwa yakilimwa na masetla na Waafrika pia. Katika koo zilizochaguliwa humo ilipatikana mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, ikatolewa mwaka 1961. Ilikuwa mbegu njema, lakini faida yake haikuwa kubwa ya kumfanya mkulima aache ya kwake. Sababu yaeleweka. Mahindi yale karibu yote yalikuwa ndugu, kwa kuwa yalitokana na aina chache zilizoletwa na masetla mwanzoni mwa karne ya 20 kwa njia ya Afrika ya Kusini, kama ile ya Hickory King yenye asili ya Marekani. Kuzikutanisha koo zake kulikuwa kama kuoza binamu kwa binamu.

Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Rockefeller Foundation, Bwana Harrison alikwenda kutafuta posa mbali, katika nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini. Huko ndiko asili ya mahindi: wakulima wa Mexico walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita, na toka hapo yakapanda milima na kushuka mabonde mpaka kila nchi ikawa na yake. Wataalamu walikuwa wamekwisha kukusanya mbegu hizo vijijini na kuziandikia namba. Alirudi Kitale na aina nyingi, akazijaribu moja moja pamoja na Kitale Synthetic II. Moja ilikuwa Ecuador 573, mahindi ya nchi ya milima mirefu iliyo chini ya ikweta kama hii yetu. Mtoto wa hayo mawili alizaa karibu asilimia 40 zaidi ya Kitale Synthetic II. Shamba la kutoa magunia 10 likatoa 14, kwa jembe lile lile.

Huyo ndiye 611. Na hapa naona uamuzi wa kusifiwa kuliko hata safari yenyewe. Zilikuwako chotara nyingine zilizotokana na koo safi, zenye kulingana vizuri shambani. Lakini mama wa ukoo safi ni dhaifu, huzaa punje chache, na mbegu yake huwa ghali. Mama wa 611 alikuwa mahindi kamili yenye nguvu. Mbegu nyingi zilipatikana upesi, kwa bei ambayo mwenye eka mbili angeweza kuifikia. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956 kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho, ilizizalisha, na wenye maduka wakaziuza hata masokoni vijijini. Katika wilaya zenye mvua za magharibi, wakulima wadogo walizipokea kwa haraka kuliko walivyofanya wakulima wa Marekani walipoletewa chotara zao katika miaka ya 1930.

Kasoro zilikuwako. Mahindi hayo ni marefu, na upepo mkali huyalaza. Tena huchelewa kukomaa, kwa hiyo hayafai Ukambani. Huko kulitakiwa mahindi ya kuwahi kabla mvua haijakatika, na kituo cha Katumani, karibu na Machakos, kilitoa Katumani Composite, ambayo mkulima aweza kuitunzia mbegu mwenyewe.

Swali la kutunza mbegu huulizwa kila mara, na wengine hushuku kwamba ni hila ya wauzaji. Si hila. Nguvu ya chotara hutoka katika kukutana kwa wazazi wawili wa mbali. Watoto wake wakizaana wao kwa wao, nusu ya nguvu ile iliyoongezeka hupotea katika kizazi cha kwanza tu, na shamba huwa la mchanganyiko, huyu mrefu, huyu mfupi. Hii haina maana kwamba kila mfuko wa dukani ni wa kuaminiwa. Wako wanaotia rangi mahindi ya kula na kuyauza kama mbegu.

Mwaka 2011 ulizuka Bomet ugonjwa wa virusi viwili vikutanapo katika mmea mmoja. Majani hukauka kutoka ukingoni na gunzi hubaki na punje chache au bila punje. Karibu mbegu zote zilizokuwa zikiuzwa Kenya hazikuweza kuustahimili. Mwaka 2013 kituo cha majaribio kilifunguliwa Naivasha, ambako mimea huambukizwa kwa makusudi ili ionekane ipi itasalimika. Maelfu ya koo zilijaribiwa, na nyingi zilikufa. Miongoni mwa chache zilizosimama zilikuwamo koo kutoka Thailand, ziitwazo KS23, na wataalamu wakaanza tena kuvika mifuko ya karatasi, kuzikutanisha na mahindi yetu.