Jina Lako Kwenye Karatasi Mbili

(Muziki wa kipindi, sekunde kumi, unashuka taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo nina ombi kabla ya mazungumzo. Kama uko karibu na nyumba, ingia uchukue atestesheni ya familia na cheti chako cha shule. Viweke pajani. Soma jina lako kwenye karatasi ya kwanza, halafu kwenye ya pili, herufi kwa herufi. Nakusubiri.

(Muziki, sekunde tano.)

Yanafanana? Kama hayafanani, kaa hapa na mimi, maana leo tunazungumza juu ya kuomba msaada wa ada katika shule za ufundi, na watu wengi huangukia hapo hapo.

Mimi niliangukia hapo. Niliomba kusomea umeme wa majumbani. Fomu ilipita, nikaitwa kwenye mahojiano, nikavaa shati la kuazima. Dada aliyekuwa mezani aliweka karatasi zangu mbili kando kando, akauliza, "Huyu na huyu ni mtu mmoja?" Siku tuliyovuka mpaka mama aliulizwa mtoto anaitwa nani, naye akataja jina la nyumbani, lile analoniitia chakula. Shuleni niliandikwa lingine. Nilieleza, yule dada alinisikiliza vizuri, lakini nafasi ilipewa mwenzangu. Kurekebisha kulichukua miezi, na masomo yalikuwa yameshaanza.

Ndugu zangu mliotoka Congo mnalijua hili kuliko wote. Kule mtu ana majina matatu, na kwenye karatasi za huku mara nyingi yanabaki mawili. Uliyesoma Aru au Ariwara ukiitwa Jean, ukafika huku ukaandikwa Yohana, wewe unajua ni mtu mmoja. Karatasi haijui.

Basi nenda kwenye meza ya OPM, Ofisi ya Waziri Mkuu, pale besikampu, wakati hakuna tangazo lolote la nafasi. Usingoje tangazo. Tangazo hukaa ubaoni siku chache, marekebisho hayana haraka hiyo. Beba cheti cha shule, atestesheni, na barua ya mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji chako, RWC1. Kwa maoni yangu, omba daftari la kambi lifuate cheti cha mtihani, maana cheti kilichokwisha kutolewa ni kigumu zaidi kubadilishwa. Na tafadhali, usichukue kalamu ukajisahihishia mwenyewe. Karatasi iliyochezewa haina dawa.

Mwenye cheti cha sekondari cha nje ana safari nyingine. Vyeti hivyo hulinganishwa na baraza la mitihani la Uganda, UNEB, Kampala, na kama kimeandikwa kwa Kifaransa kitahitaji tafsiri ya Kiingereza. Hilo nalo lina gharama na lina siku zake. Anza mapema.

"Sasa mimi sina cheti chochote, kiliungua na nyumba." Wengi mnaniuliza hivyo barabarani. Msikate tamaa. Shule za ufundi zina milango zaidi ya mmoja. Kuna kozi ndefu zinazotaka cheti cha S4, au cha P7. Lakini kuna pia kozi fupi, za ushonaji, useremala, uashi, kuchomelea vyuma, ambapo mtu hupimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Wengi tunakijua kwa jina la DIT. Ukiomba, soma tangazo linataka mlango upi.

Soma pia ni la nani. DAFI, ile skolashipu ya wakimbizi iliyoanza mwaka 1992, ni ya chuo kikuu. Usiipelekee ombi la kusomea pikipiki. Mkopo wa wanafunzi wa serikali ya Uganda ni wa raia wa Uganda. Nafasi zetu za ufundi huja zaidi kwa mashirika yanayofanya kazi kambini, na kwa kawaida sehemu yake, kama asilimia 30, ni ya vijana wa wenyeji. Ni haki yao, ardhi tunayolima ni yao.

Kwenye fomu kuna swali: kwa nini unataka kozi hii? Wengi tunajaza mateso yetu ukurasa mzima. Wanaosoma wanayajua, kila fomu inayo. Waambie utafanya nini. Koboko ni njia panda ya Congo na Sudan Kusini, malori na pikipiki hazikauki pale. Mwambie msomaji umeona mafundi wangapi, na kazi gani hurudishwa kwa kukosa anayeiweza. Hiyo ni sababu.

Halafu uliza wewe pia. Msaada unalipa ada peke yake, au na chakula? Ovaroli? Vifaa? Mtihani? Mtu wa Lobule aliyepata nafasi Arua atalala wapi? Na mama mwenye mtoto anayenyonya, uliza kama kuna mahali pa kumweka. Usione haya. Ni heri kuuliza siku ya mahojiano kuliko kurudi nyumbani katikati ya muhula kwa sababu ya nauli.

Fomu haiuzwi. Akikuambia mtu, mdogo wangu, lete kidogo ya soda nikusukumie jina, huyo anakuuzia hewa. Piga simu 0800 323 232, haikatwi pesa, ueleze. Huduma za UNHCR na washirika wake hazilipiwi.

Na wewe uliyekuta majina mawili pajani mwako leo, kesho beba karatasi zote, na nakala zake kama una uwezo. Fika mapema, foleni ya pale mnaijua.

(Muziki unapanda.)