Masikio Mawili na Spika Mbili

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililozua ubishi katika mji wa Kilosa.

Wazazi wa shule moja walikuwa wamechanga fedha, wengine kwa kuuza kuku, wengine mahindi, ili watoto wapate kusikiliza masomo na nyimbo kwa chombo chema. Mwuzaji mmoja akawaambia, "Nunueni spika zangu hizi mbili. Simba wa Mikumi atanguruma nyuma yenu, na ndege ataimba juu ya vichwa vyenu." Mzee mmoja akatugeukia, akasema, "Walimu, masanduku mawili yaliyo mbele yetu yawezaje kutoa sauti nyuma yetu? Fedha hizi ni jasho letu. Tuambieni kweli." Swali hilo ni la haki, nasi tukaahidi kulijibu.

Tulianza na masikio yenyewe. Tulimketisha mwanafunzi chini ya mwembe, tukamfunga macho kwa kitambaa, na wenzake wakapiga makofi huku na huku. Kofi la kushoto alilionyesha kwa kidole bila kosa, na la kulia vivyo hivyo. Lakini kofi lililopigwa mbele yake hasa, au nyuma yake hasa, mara nyingi lilimpoteza, mpaka alipogeuza kichwa kidogo. Ndipo akajua.

Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Itokapo kushoto, hufika sikio la kushoto kwanza, na la kulia huipata baadaye kidogo. Tofauti hiyo haizidi sana sehemu 7 katika 10,000 za sekunde moja, hata hivyo akili huipima. Tena, kichwa ni kama ukuta: huzuia sauti nyembamba, nayo hufika upande wa pili imepungua nguvu. Mtaalamu wa Uingereza, Lord Rayleigh, alieleza mambo haya mawili mwaka 1907. Na mikunjo ya sikio la nje haikuwekwa kwa urembo. Hiyo huigeuza sauti kidogo kulingana na inakotoka, nasi hupata kutambua iliyo juu na iliyo nyuma.

Sasa tuangalie waliojaribu kuiga kazi hiyo. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka vinasa sauti kwenye jukwaa la michezo ya kuimba, akazipeleka sauti kwa nyaya mpaka chumba cha mbali. Msikilizaji alishika simu mbili, moja kwa kila sikio, naye akatambua mwimbaji akitembea toka upande huu hata upande huu. Miaka 50 baadaye, mwaka 1931, Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi wa kunasa sauti kwa njia mbili na kuitoa kwa spika mbili. Mwaka 1934 njia yake ilijaribiwa mjini London kwa kurekodi wapiga muziki wengi pamoja. Bwana huyu hakuishi kuona uvumbuzi wake ukienea duniani, maana aliuawa katika ajali ya ndege mwaka 1942.

Lakini spika mbili si sawa na simu mbili za masikioni. Simu ya kushoto husikiwa na sikio la kushoto tu. Spika ya kushoto husikiwa na masikio yote mawili, na hapo ndipo penye shida. Kila sikio hupokea ujumbe wake pamoja na ujumbe wa jirani yake. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliofanya kazi Marekani, Schroeder na Atal, walionyesha njia ya kuondoa ujumbe wa jirani: spika moja hutoa sauti iliyopimwa ili iifute ile isiyotakiwa inapofika sikioni. Kwa njia hiyo sauti yaweza kusikika ubavuni, hata nyuma. Lakini hesabu hiyo hufanywa kwa kichwa kimoja kilichokaa mahali pamoja. Kichwa kikisogea, au kuta zikirudisha mwangwi mwingi, hesabu huharibika.

Basi tulizipanga zile spika za Kilosa, mita 2 baina yake, na yule mzee tukamweka mita 2 kutoka kila moja. Ngoma ikalia kushoto. Kisha mwimbaji akasikika katikati, mahali pasipokuwa na sanduku lolote! Mzee akainuka kwenda kutazama, watoto wakacheka. Filimbi ya gari-moshi ilisikika mbali, nyuma ya ukuta, maana ilikuwa hafifu na imechanganyika na mwangwi, kama tuisikiavyo itokapo milimani. Lakini simba alinguruma mbele, wala si nyuma. Na mzee alipohamia mwisho wa benchi, mwimbaji naye alihama, akaingia katika sanduku lililo karibu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Spika mbili njema zaweza kutandaza sauti mbele yako, kushoto mpaka kulia, karibu na mbali, hata ukasadiki. Kuileta nyuma na juu zaweza kwa mtu mmoja, kwa kazi maalumu, akikaa palipopimwa. Kwa darasa la watoto 60 haziwezi. Wazazi walinunua spika zile kwa bei iliyopunguzwa, wala hawakulipia simba wa nyuma.

Lakini faida kubwa ya jambo hili haikutoka katika masanduku. Chini ya ule mwembe alikuwapo mtoto mmoja wa kutoka Mikumi. Kila kofi lilipopigwa, yeye alionyesha upande wa kulia. Tulipompima tena, tulitambua kwamba sikio lake la kushoto halisikii. Wazazi wake hawakujua. Sisi walimu tulikuwa tukimwita mkaidi, na mara kadhaa tulimwadhibu kwa kutoitika. Tulimwomba radhi mbele ya wenzake, kisha tukamshauri baba yake ampeleke hospitali.

Mtoto huyo hukaa karibu na barabara kuu iendayo Iringa na Zambia, yenye malori usiku na mchana. Husikia lori, lakini hajui latoka wapi. Kwake yeye, na kwa wengi walio kama yeye, sauti ya pande mbili ni sauti ya upande mmoja. Basi wapimeni watoto wenu kwa kitambaa na makofi. Haigharimu hata senti. Mkimwona mwenye shida hiyo, mwonyesheni mganga, mketisheni darasani sikio zima lielekee mwalimu, na mfundisheni kuvuka barabara kwa macho yake, kwanza kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena.