Nani Alituletea Simu?



Ukishuka Birere, hapa Goma, utamkuta muuza unite za simu chini ya parasoli, simu mbili mezani: moja ya M-Pesa, nyingine ya Airtel Money. Ukimuuliza nani alianzisha biashara ya simu za mkononi nchini Kongo, huenda akakutajia Wazungu au Wahindi. Kumbe walioanza walikuwa Waafrika, nao walishindana.

Wa kwanza, Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel mjini Kinshasa mwaka 1986, wakati simu za nyaya za serikali zilikuwa hoi. Kifaa kimoja kiliuzwa maelfu ya dola, kwa hiyo wateja wake walikuwa mawaziri wa Rais Mobutu na matajiri. Alithibitisha kwamba Mwafrika hulipia simu. Mwafrika yupi, hilo halikumsumbua sana. Mwaka 2000 aliiuza Telecel kwa Orascom ya Misri, kisha akanunua shamba la mizabibu Afrika Kusini.

Mo Ibrahim, mhandisi Msudani, alipiga hesabu nyingine. Kampuni aliyoianzisha mwaka 1998, iliyokuja kuitwa Celtel, iliingia Kongo vita vikiwaka. Ilitegemea kadi za kukwaruza: unanunua unite kidogo, zikiisha unabipu. Kulipa kabla ndiko kulikomfikishia simu mama muuza makaa, si hotuba zozote za maendeleo. Ibrahim husimulia pia kwamba malipo yoyote yaliyozidi dola 30,000 yalihitaji kibali cha bodi, ili meneja akiombwa rushwa awe na pa kujitetea. Mwaka 2005 Celtel iliuzwa kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4, ikawa Zain, halafu Airtel. Ibrahim akaunda tuzo ya marais wanaoongoza vizuri na kuondoka madarakani kwa heshima. Hapa kwetu bado hatujapata mshindi.

Wa tatu hatajwi. Alieu Conteh, Mgambia, alijenga mtandao Kinshasa wakati wa vita hivyohivyo. Wauzaji wa nje walipoogopa kuleta mnara, aliwaambia watu wakusanye vyuma chakavu, wakauchomelea wenyewe. Baadaye aliungana na Vodacom ya Afrika Kusini, ikazaliwa Vodacom Congo, ingawa washirika hao walikuja kuvutana kwa miaka.

Mimi nampa Conteh uzito zaidi ya sifa anayopewa, na sababu iko hapa mjini. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ilifika kwetu mwaka 2012 kupitia Vodacom Congo hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2025, waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafungwa, fedha za kula zilipita katika simu, na kutoa noti kwa wakala kulikuwa na kamisheni ya kuumiza.

Lakini kipimo hicho, cha simu kumsaidia mteja, kina upande wa pili. Mwaka 2020 serikali ilianzisha tozo ya usajili wa simu iliyoitwa RAM, ikikatwa kwenye unite za wateja hadi ilipofutwa mwaka 2022 baada ya malalamiko makubwa. Kanuni ya dola 30,000 iliilinda kampuni dhidi ya afisa. Haikumlinda mteja siku kampuni na serikali zilipokaa meza moja. Siku hiyo warithi wa Ibrahim na warithi wa Conteh walikata unite sawasawa.