Moyo Ukisimama Kazini
(Maneno ya mwanafunzi wa ufundi wa stima mbele ya mkutano wa wanachama, Embu)

Mimi ni kijana, na sikuja kuwafundisha wazee kazi. Nimetumwa niwaeleze tulichojifunza katika mafunzo ya kumbonyeza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama.

Kabla ya mafunzo hayo nilikuwa kibarua penye nyumba iliyokuwa ikijengwa karibu na Runyenjes. Mwenzetu aliinua chuma, kikagusa waya wa stima, akatupwa chini. Mmoja alimmwagia maji, mwingine alikimbilia maziwa, na mimi nilimpepea kwa kofia. Alikoroma mara mbili tatu, tukasema, "Yu hai, mwacheni apumzike." Gari lilipopatikana alikuwa amekwisha kufa.

Mwalimu alipotuambia kwamba mkoromo wa namna ile si kupumua, ni dalili ya moyo uliosimama, nilitoka nje ya darasa.

Sasa sikilizeni. Kwanza stima izimwe. Ukimgusa aliyeshikwa na waya mtakuwa maiti wawili. Mwite kwa nguvu, mtikise bega. Asipojibu wala kupumua sawasawa, tuma mtu apige simu na kutafuta gari, na umtaje kwa jina, maana ukisema "mtu aende" hakuna aendaye. Mlaze chali pahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyosha mikono, bonyeza kifua kiingie inchi mbili, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila mara ukiache kiinuke. Aliyefundishwa humpulizia pumzi 2 kila baada ya mara 30. Asiyefundishwa abonyeze tu, asikome. Lakini aliyezama, kama katika mabwawa yetu ya Masinga na Kiambere, huanzwa kwa pumzi, kwa kuwa alichokosa ni hewa.

Ni kazi nzito kuliko kuchimba shimo la nguzo. Baada ya dakika mbili mikono hulegea, basi mpokezane. Mzee mmoja aliuliza, "Nikimvunja mbavu je?" Mwalimu akajibu kwamba mbavu huunga, lakini ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya kama dakika nne. Kutoka Runyenjes hakuna gari liwezalo kufika hospitali ya Embu kwa dakika nne.

Tena maarifa haya yametoka katika kazi yetu. Huko Marekani makampuni ya stima yaliona mafundi wao wakifa kwenye waya, yakatoa fedha za uchunguzi. William Kouwenhoven, mhandisi wa stima wala si daktari, pamoja na Knickerbocker na Jude huko Baltimore, walitangaza mwaka 1960 kwamba mikono mitupu yaweza kuendesha damu mwilini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aweke sanduku la huduma ya kwanza. Vema, lakini sanduku halibonyezi kifua. Chama kikikutana na waajiri wa viwanda vya chai, vya kahawa na wa majengo, kidai siku ya mafunzo isiyokatwa mshahara, na vibarua wawemo, si makarani peke yao. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha.

Sanamu ya mazoezi tumeazimwa hadi saa kumi. Iko pale chini ya mwembe. Bwana Mwenyekiti, tafadhali vua koti uanze wewe.