Nyota Huzaliwa Penye Fujo



Ramadhani ikiangukia Februari au Machi, ukitoka tarawehe tazama juu. Utaona nyota tatu zimejipanga mstari, na kusini yake doa kama moshi. Hiyo ni gesi ya Orion, umbali wa miaka ya nuru 1,300 hivi. Nyuma yake kuna wingu baridi linalozaa nyota.

Sasa jiulize: gesi iliyotawanyika hujikusanyaje? Fikiria siku ya soko. Anayetembea akisema "nipisheni" hupishwa. Je, anayekimbia kuishinda sauti yake mwenyewe? Atawarundika watu mbele, nyuma aache uwazi.

Gesi nayo hupashana habari kwa mwendo wa sauti. Mle winguni sauti huenda kama mita 200 kwa sekunde, lakini gesi hukimbia kilomita nzima na zaidi. Ikigongana kwa mara 5 ya mwendo wa sauti, na joto likitoka upesi, hushindiliwa mara 25. Sehemu kubwa ya wingu hubaki nyepesi. Pale palipobanana sana, mvutano hushinda, nyota ikazaliwa.

Basi usiikimbie fizikia, ewe kijana. Jua hili tunalolingoja litue tufuturu lilizaliwa katika fujo kama hiyo, miaka bilioni 4.6 iliyopita.