Mgeni Aliyekaa Kiti cha Mbele

(Hotuba ya mwalimu wa kwaya mstaafu, iliyotolewa katika kilele cha Jubilei ya miaka 100 ya usharika)



Kamati ya Jubilei imeniomba nizungumze juu ya kumpokea mgeni katika maisha na uimbaji wa kwaya. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu ya mvi zangu. Kamati ingalijua habari nitakayoisimulia, huenda ingalimtafuta mwingine.

Sisi tunaoishi katika miteremko ya Mlima Meru hatuwezi kulitamka neno "mgeni" kwa wepesi. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huku Meru pamoja na Wachagga kadhaa waliofuatana nao, ambao majina yao hatuyataji mara nyingi kama inavyowastahili. Wamisionari hao walikuja na Neno. Lakini jirani nao palikuwa na askari wa serikali ya Kijerumani chini ya Kapteni Johannes, na wenyeji hawakuwa na njia ya kuwatenga wageni wa Neno na wageni wa bunduki. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikali. Watu wengi walikufa na mifugo ikachukuliwa. Misioni ilirudi mwaka 1902, ikaanza kazi Nkoaranga. Simhukumu mtu yeyote aliyekwisha kulala kaburini. Nawakumbusha tu kwamba Injili iliingia hapa kupitia mlango uliokuwa na damu.

Mwaka 1954 chuo cha theolojia kilihama kutoka Lwandai, Usambara, kikaja Makumira, chini ya mlima huu huu. Vijana wa makabila mengi wakakaa katika kiwanja kimoja, wakila na kusali pamoja. Mmoja wa walimu wao, Mchungaji Howard Olson kutoka Marekani, aliwahimiza walete sauti za nyimbo za kwao na kuzitungia maneno ya Injili. Hadi wakati huo sharika nyingi ziliimba zaidi koral za Kijerumani, na ngoma ya mababu ilihesabiwa kuwa mali ya upagani. Mwaka 1966 mwanafunzi mmoja, Bernard Kyamanywa, alitunga "Mfurahini, Haleluya" kwa sauti ya Kihaya. Mwaka 1968 Olson akatoa mkusanyo uitwao Tumshangilie Mungu. Jambo linalonigusa mimi ni kwamba yeye aliyekuja kufundisha alikubali pia kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wake.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka 1975 nilikuwa mwalimu wa kwaya hapa, kijana mwenye kujivuna kwa kuwa nilijua kusoma nota. Tuliletewa mwanafunzi wa theolojia asaidie kazi za usharika siku za Jumapili. Kwao ni magharibi ya Ziwa Victoria. Nilimpokea kwa heshima zote. Nilimwekea kiti cha mbele, nikaagiza aletewe chai ya maziwa, na kila alipotaka kusimama pamoja na sauti ya tatu nilimwambia, "Hapana, Mchungaji mtarajiwa, wewe ni mgeni wetu, pumzika." Jumapili tatu alipumzika. Na katika Jumapili hizo tatu sisi tulikuwa tukifanya mazoezi ya "Mfurahini, Haleluya" kwa kinanda, polepole, kama watu wanaosindikiza jeneza. Yule kijana alikaa akisikiliza sauti ya nyumbani kwao ikiburutwa hivyo, naye hakusema neno. Adabu yake ilimfunga mdomo, na heshima yangu ilikuwa imeukaza ule mfungo.

Mama mmoja mzee wa sauti ya kwanza, ambaye sasa ametangulia mbele za haki, alinivuta kando baada ya ibada. Akaniambia, "Mwanangu Mwalimu, huyu kijana tumemkaribisha kama picha. Tumemtundika ukutani."

Nilikasirika. Hata hivyo, Jumatano iliyofuata mama huyo alimpelekea jembe bila kuniuliza, akamwita twende naye kupalilia mahindi katika shamba la kwaya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumechelewa majuma matatu. Katikati ya matuta kijana akaanza kuuimba ule wimbo kwa chini chini, kwa mwendo wa kwao. Kabla ya kufika mwisho wa shamba kina mama wote walikuwa wameushika, na majembe yakishuka kwa pamoja. Mimi na nota zangu tulikuwa nyuma.

Pasaka ile tuliuimba makaburini alfajiri, kwa ngoma. Wazee wawili wa usharika waliondoka kwa hasira, na mmoja hakurudi kwa muda mrefu. Sitasema kwamba kumpokea mgeni hakukutugharimu kitu.

Wimbo huo nao umekuwa mgeni ugenini. Ulrich Leupold aliuandikia maneno ya Kijerumani, nao umo katika kitabu cha nyimbo cha Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani cha mwaka 1993, namba 116. Wajukuu wa wale walioleta koral wanauimba wakati wa Pasaka. Sijui wanauimba kwa mwendo gani. Natumaini wamempata mtu wa kuwapeleka shambani.

Ndugu zangu, usharika umepitisha kujenga hosteli nyuma ya kanisa kwa ajili ya wanafunzi na vijana wanaohamia huku kutafuta kazi. Ni jambo jema, na sadaka yangu nimekwisha kuitoa. Lakini nimeiona ramani. Wageni wamepewa lango lao, sebule yao yenye makochi, na jiko lao. Chumba cha mazoezi ya kwaya kiko upande wa pili wa ukuta, na ukuta huo hauna mlango.

Fundi ameniambia kwamba upande ule msingi bado haujachimbwa. Naiomba Kamati ya Ujenzi, mbele ya Baba Askofu, mlango uwekwe sasa, na ufunguo wake wakae nao hao vijana.